Makro Iliyoishia kwa Wasichana

Mimi ni mwalimu wa hesabu, lakini kuanzia Kasulu mpaka Kibondo wengi wananijua kwa jambo jingine. Mimi ndiye yule madam wa makro. Shule ikikwama kutoa ripoti, kompyuta ikigoma, mwalimu akibonyeza kitufe na kuletewa kisanduku cha Kiingereza kilichojaa lawama, simu inayopigwa ni yangu. Sijasomea kazi hiyo popote. Nilijifunza mwenyewe, kwa ubishi, kwa sababu sipendi kushindwa na kitu ambacho hakina hata mdomo.

Kwa asiyejua, makro ni maagizo yaliyoandikwa ndani ya jedwali la eksel ili kompyuta ifanye yenyewe kazi ambayo mtu angeifanya kwa mkono mpaka vidole vife ganzi. Mwalimu anajaza alama za wanafunzi, anabonyeza kitufe kimoja, na ripoti zinatoka kwenye printa moja baada ya nyingine, kila moja na jina lake, alama, wastani, nafasi na maoni ya mwalimu. Ni raha tupu, mpaka siku inapogoma.

Ikigoma, mimi sina haraka. Navuta kiti, naomba chai ya tangawizi, nausoma ule ujumbe wa kosa neno kwa neno. Hapo ndipo wenzangu wengi wanapokosea. Wakiona kisanduku wanakifunga upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta kuna mwenzake ndani. Kumbe kisanduku kinaeleza karibu kila kitu. Kikilalamika kwamba aina hazilingani, najua kuna mwalimu ameandika "hayupo" mahali palipotakiwa namba, au amepiga herufi O akidhani ni sifuri. Kikisema hakioni karatasi fulani, najua kuna mtu amelibadilisha jina la karatasi hiyo kwa kuwa la zamani halikumpendeza. Na kama makro yote imetoweka bila hata kisanduku, nauliza swali moja tu: nani alilifungua faili hili kwenye simu? Chumba kizima kinanyamaza. Faili limetumwa kwa wasapu, mtu amelifungua akiwa njiani, amelihifadhi kwa roho safi, na simu imeiondoa makro yote bila kuaga.

Makosa ya namna hiyo nayapenda, maana yanapiga kelele. Kosa ninaloliheshimu ni lile linalokupongeza. Hilo nilikutana nalo Kibondo, mwishoni mwa muhula, katika sekondari moja ambayo sitaitaja.

Aliyenipigia simu alikuwa mwalimu wa taaluma wa shule hiyo, yaani msimamizi wa masomo na mitihani. Ni Mnyamwezi wa Tabora, nami ni mtu wa Tanga, na sisi watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Ana haki ya kunitukana, nami ninayo ya kwangu, na wote wawili tunaitumia ipasavyo.

"Haya, mpagazi," nikamwambia tulipomaliza salamu. "Leo umeua kompyuta ya nani?"

"Mtani, leo acha mzaha. Wavulana wa Kidato cha Tatu hawana ripoti."

"Hawana kivipi?"

"Wasichana wote zimetoka. Wavulana hakuna hata mmoja. Tumerudia mpaka wino unataka kwisha. Inachapa wasichana, ikifika kwa wavulana inasimama. Na keshokutwa Jumamosi ni mkutano wa wazazi."

"Inatoa ujumbe gani ikisimama?"

Akakohoa kidogo. "Inasema: Hongera, ripoti zote zimekamilika."

Nilicheka mpaka wanafunzi waliokuwa wakipita dirishani wakageuka. Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, kisha sauti yake ikashuka.

"Kuna jambo jingine, ingawa hilo si la kompyuta. Darasa hilo hilo, muhula huu tumempoteza mwanafunzi mmoja wa kike. Mama yake yuko kule Nyabibuye. Ametuma ujumbe kwamba Jumamosi na yeye anakuja kwenye mkutano, anataka ripoti ya mwanawe. Mwenzangu, hatujui tumpe nini. Lakini hilo tuachie sisi. Wewe njoo utuokolee wavulana."

Nikamwambia nakuja. Niliikata simu nikiwa bado na kicheko usoni, lakini moyoni niliwasahau wavulana. Nilikuwa namfikiria yule mama, akitoka Nyabibuye na kupanda gari kuja kukaa katikati ya wazazi ambao watoto wao wako hai.

Kesho yake asubuhi mkuu wangu wa shule alinipa ruhusa, nikaondoka Kasulu kabla jua halijapasha. Siku hizi barabara ni lami na safari ni nyepesi. Ule ulikuwa msimu wa baridi yetu ya milimani, baridi ambayo ndugu zangu wa Tanga hawaamini nikiwasimulia, na pembeni mwa barabara watu walikuwa wanaanika mihogo na kupepeta maharage. Kwenye kizuizi afisa wa uhamiaji aliomba vitambulisho, maana huku ni karibu na mpaka. Alipofika kwangu, nilimwamkia tu, akaisikia lafudhi yangu, akasema, "Wewe madam pita, wewe umepotea njia ya kwenda baharini." Abiria wakacheka, nami nikacheka nao.

Shuleni nilikuta kamati nzima inanisubiri ofisi ya walimu, mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama vile ni kochi la wageni. Kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Mwalimu wa baiolojia alisema ni kirusi. Mtani wangu alisema tatizo ni printa, imechoka. Mwalimu mmoja wa kike, ambaye nilimpenda hapo hapo, alisema kompyuta ina akili, imegundua kwamba wavulana wa Kidato cha Tatu hawakusoma. Aliyeiandika makro hiyo alikuwa mwalimu wa zamani wa shule, aliyehamishiwa Mtwara na kuondoka na namba yake ya simu.

Pembeni alikaa mwalimu wa darasa la Kidato cha Tatu, mama wa makamo, Muha wa hapo hapo Kibondo, anayefundisha Kiswahili. Yeye hakutoa maelezo yoyote. Alinisogezea chai na andazi, akarudi kwenye kiti chake.

Nilibonyeza kitufe kama walivyokuwa wanafanya wao, ili nione kwa macho yangu. Printa ikaanza kuunguruma. Ripoti za wasichana zikatoka kwa utaratibu, safi kabisa, kisha kimya, kisha kile kisanduku: Hongera. Nilikitazama nikasema kwa sauti, "Hongera ya nini, mjinga wewe?"

Kisha nikaifungua makro yenyewe, pale maagizo yanapoandikwa, nikaanza kuitembeza mstari mmoja mmoja. Hii ndiyo njia yangu. Unaizuia isikimbie, unaiambia ipige hatua moja isimame, hatua moja isimame, na kila inaposimama unaiuliza umeshika nini mkononi. Inachosha, lakini haijawahi kuniangusha. Wenzangu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda kwenye vipindi vyao. Mtani wangu na mwalimu wa darasa wakabaki.

Haikuchukua muda nikaliona. Yule bwana wa Mtwara alikuwa ameiagiza makro hivi: anza juu ya orodha, shuka, chapa kila jina, ukikuta mstari mtupu ujue darasa limekwisha, toa pongezi. Hakuwaza kwamba siku moja kungekuwa na mstari mtupu katikati. Na katika shule zetu orodha ya darasa ina mpango wake, wasichana kwanza kwa alfabeti, kisha wavulana kwa alfabeti. Nilirudi kwenye orodha nikashuka taratibu mpaka mwisho wa wasichana. Pale, baada ya msichana wa mwisho na kabla ya mvulana wa kwanza, palikuwa na mstari usio na kitu. Hakukuwa na jina wala alama, ila namba ya mwanafunzi tu pembeni kushoto.

"Nani amefuta hapa?" nikauliza, kwa ile sauti yangu ya kukamata watu.

"Ni mimi," alisema mwalimu wa darasa.

Nilitaka kumtania. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini nilivyoiona sura yake, nikajua mstari ule ulikuwa wa nani, nikalimeza.

Mtani wangu naye alielewa, na kwa kuwa ni mtu wa kutaka kazi iishe, akasema haraka, "Basi ni rahisi. Futa mstari wote, wavulana wapande juu, tuchape, tumalize."

"Hapana," alisema mwalimu wa darasa.

"Mwalimu, ni mstari tu."

"Nimesema hapana. Kaeni niwaambie."

Akatuambia. Binti huyo alikuwa anakaa hosteli ya shule. Alifanya mtihani wa nusu muhula na wenzake wote. Baadaye akaugua, akalazwa, wakamhangaikia kadiri walivyoweza, ikashindikana. Wenzake walipofanya mtihani wa mwisho wa muhula yeye alikuwa ameshazikwa kwao Nyabibuye. Siku walipoijaribu makro kwa mara ya kwanza muhula huu jina lake lilikuwa bado lipo, na mwalimu wa darasa ndiye aliyekuwa amesimama karibu na printa. Makro ikamchapia ripoti. Kila mahali palipokosa alama za mtihani wa mwisho ikaweka sifuri. Ikamgawia wastani, ikampa nafasi ya mwisho darasani, na kwenye maoni ikaandika yenyewe: Hana juhudi. Mzazi afuatilie kwa karibu.

"Niliichana," alisema. "Niliichana vipande vipande nikavitia jikoni. Halafu nikaja hapa nikafuta jina lake na alama zake zote, ili mashine isimseme tena. Lakini mstari sikuuondoa. Kwao bado hawajaondoa msiba. Darasani dawati lake lipo, wenzake hawajalikalia, na wala hakuna aliyewakataza. Sasa mimi mwalimu wao ndio nimwondoe ili wavulana wapande?"

Nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, na mtani wangu pia sikumkasirikia, maana alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimkasirikia yule aliyekaa kitini siku moja akaandika sentensi "hana juhudi" na kuikabidhi kwa mashine iwaambie wazazi kwa niaba yetu. Nina hasira za karibu, nazijua, na mara nyingi zinanisaidia kufanya kazi. Niliuliza kitu kimoja tu.

"Huyo mama anataka ripoti ya nini?"

Mwalimu wa darasa akasema alikuwa amekwenda mazikoni, na mama wa marehemu alimshika mkono akamwambia jambo. Baada ya mtihani wa nusu muhula binti alimpigia mama yake kwa simu ya matroni. Alimwambia, mama, kwenye kemia nimewashinda wavulana wote. Yalikuwa karibu mazungumzo yao ya mwisho. Sasa mama anataka aone hayo matokeo kwa macho yake, yakiwa yameandikwa.

"Na kama si kweli?" aliuliza mtani wangu.

Mimi nikageukia kompyuta, kwa sababu swali hilo lilikuwa na jibu na jibu lilikuwa halijulikani bado. Alama za nusu muhula walimu wa masomo walikuwa nazo kwenye karatasi zao. Nikamwomba mtani wangu azikusanye, na mara hiyo moja akaenda bila utani.

Kazi zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi. Badala ya kuanza juu na kusimama kwenye pengo la kwanza, niliiagiza makro ianze chini kabisa ya karatasi, ipande mpaka ikutane na jina la mwisho, ndipo ijue darasa linaishia wapi. Ikikuta mstari mtupu katikati, iuruke iendelee. Hiyo ni kazi ya kunywa chai moja.

Ya pili ndiyo iliyonikalisha. Ilibidi niifundishe makro kwamba mahali patupu si sifuri. Mwanafunzi aliyeingia chumba cha mtihani na kukosa kila swali amepata sifuri, ni haki yake. Asiyeingia hajapata kitu, na hakuna mwenye ruhusa ya kumwandikia. Kwa hiyo niliandika upya sehemu nzima ya hesabu: kama alama ya mwisho haipo, chukua ya nusu muhula peke yake, mpe nafasi kwa mtihani ule alioufanya, usimpe nafasi ya muhula, na kwenye maoni usiseme neno. Nilipoijaribu ikanipigia kelele kwamba nataka kugawa kwa sifuri. Nilifurahi kuisikia. Nilikuwa nimesahau kuiambia isihesabu wastani mahali ambapo hakuna cha kuhesabu, nikaiambia, ikatulia.

Mtani wangu alirudi na alama. Nikamwachia mwalimu wa darasa kiti, na yeye mwenyewe akaliandika jina kwenye mstari ule, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Akajaza alama za nusu muhula somo baada ya somo. Mtihani wa mwisho akauacha wazi. Nikabonyeza kitufe.

Walitoka wasichana, wakatoka wavulana. Mtani wangu akawa anazipokea ripoti na kuita majina yao kwa sauti kama mtangazaji wa mpira, walimu wakarudi kutoka madarasani kushangaa, na mkuu wa shule akaja kutoka ofisini kwake kunipa mkono. Siyo siri, nilijisikia vizuri. Nilikula ugali wa muhogo na samaki migebuka wa mawese mchana ule kwa raha ya mtu aliyeshinda.

Ila ripoti moja nilikuwa nimeitoa kwenye printa kabla hajaiona mtu. Kemia, nafasi: ya pili.

Niliikagua orodha. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa mvulana, na alimzidi binti kwa alama chache sana. Wengine wote walikuwa chini yake, na wengine chini mno. Nikawaonyesha wale wawili, tukiwa tumebaki sisi watatu ofisini.

Mtani wangu aliitazama, akasema polepole, "Si unabadilisha tu hapo? Alama chache tu. Nani atajua?"

Alilisema kwa wema, nami sikumsuta. Ningeweza. Ningeigusa namba moja tu na mama angeondoka na alichoambiwa kwenye simu. Lakini nilikataa. Yule mvulana naye ana baba yake, na baba yake naye anakuja Jumamosi, na ile nafasi ya kwanza aliipata kwa kichwa chake. Na tena nilijiambia kwamba huyu mama hakuomba faraja kutoka kwangu. Aliomba kuona alichofanya mwanawe. Mwalimu wa darasa akatikisa kichwa kukubali, ingawa niliona kwamba limemuuma.

"Nitampa mimi mwenyewe," akasema. "Lakini wewe usiondoke. Akiuliza mashine imehesabuje, sitaweza kumweleza."

Kwa hiyo nililala Kibondo, kwake.

Jumamosi wazazi walijaa bwaloni tangu asubuhi. Mkuu wa shule akazungumza, mtani wangu akazungumza zaidi yake, kama kawaida yake, kisha walimu wa madarasa wakaanza kugawa ripoti. Mwalimu wa darasa alikuwa amenionyesha yule mama, mwanamke mwembamba aliyejifunga kitenge vizuri, kakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Kila jina lilipoitwa alimtazama mzazi aliyesimama mpaka arudi kukaa. Sikuona chozi. Alikuwa anasubiri zamu yake.

Jina la binti halikuitwa pale mbele za watu. Mkutano ulipokwisha mwalimu wa darasa alimfuata akamleta ofisi ya walimu, tukabaki na mkuu wa shule na mtani wangu. Nikamwamkia kwa Kiha changu cha sokoni. Akaniitikia na kunisahihisha kwa upole.

"Huyu ndiye mwalimu aliyetoka Kasulu kuitengeneza," mwalimu wa darasa akamwambia.

"Ego," akasema mama, yaani ndiyo. "Asante, mwalimu. Mungu akulipe."

Akapewa ripoti. Aliishika kwa mikono miwili, akaisoma kwanza pale juu penye jina, akakawia hapo kwenye jina. Kisha akashuka na kidole. Alikuwa anasoma taratibu, midomo inacheza.

"Kemia iko wapi?"

Mwalimu wa darasa akamwonyesha.

"Hapa imeandikwa ya pili."

"Ndiyo, mama. Ya pili darasa zima."

"Na wa kwanza ni nani?"

Tulitazamana. Mwalimu wa darasa ndiye aliyejibu. "Wa kwanza ni mvulana mmoja, mama."

"Kwa hiyo hakuwashinda wote."

"Aliwashinda wote isipokuwa huyo mmoja."

Mama akainamia tena karatasi. Nilianza kujuta. Nilifikiri heri ningemsikiliza mtani wangu, nilifikiri mimi na jeuri yangu ya namba tumemwondolea mtu kitu cha mwisho alichoachiwa. Kisha mabega ya yule mama yakaanza kutikisika, na ilichukua kitambo nikagundua kwamba anacheka.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu. "Huyu ni yeye kabisa. Mnamwona? Alikuwa hivyo tangu mdogo. Unamtuma maji, anarudi na nusu ndoo, anakuambia mama, ndoo imejaa. Analima tuta moja anasema amemaliza shamba. Nilijua! Aliponiambia wote, nilijua tu kuna mmoja amemficha."

Tukacheka na sisi. Hata mkuu wa shule, ambaye ni mtu wa kununa, alicheka. Mama akacheka mpaka kicheko kikageuka, akajifunika uso na ncha ya kitenge, na mwalimu wa darasa akamshika. Mtani wangu akatoka nje akasimama barazani akitupa kisogo. Mimi nililia pale pale nilipokaa, na sikuona haya.

Alipotulia akaifungua tena ripoti, akaitazama mpaka chini.

"Hapa chini mbona hamjaandika kitu? Wenzake nimeona wana maneno."

Nikamweleza kwamba hapo ni mahali pa maoni ya mwalimu, na kwamba niliikataza mashine isiandike lolote kuhusu mwanawe.

"Mashine mmeikataza, sawa. Lakini mwalimu wake yupo," akasema. "Mwandikieni na yeye kama wenzake."

Mwalimu wa darasa akachukua kalamu. Akaielekeza kwenye karatasi, akaiinua, akaielekeza tena. "Niandike nini, mama?"

Mama akakiweka kidole chake kwenye mstari wa kemia.

"Andika amebakiza mmoja."

Mwalimu wa darasa akaandika hivyo hivyo, Amebakiza mmoja, akatia saini yake, mkuu wa shule akagonga muhuri, na mama akaikunja ripoti akaondoka nayo.